Kuisoma jamii ya Ufaransa ya leo kupitia kitabu na filamu

Anza na kazi moja yenye sura mbili. Entre les murs ni kitabu cha François Bégaudeau cha 2006, kuhusu mwalimu na darasa lake katika shule ya Paris. Filamu yake, ya Laurent Cantet, ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2008, na mwandishi mwenyewe ndiye anayeigiza mwalimu.

Kwanza tazama filamu kwa vipande vya dakika 20, maandishi ya chini yakiwa ya Kifaransa. Kila kipande andika nani kasema, kwa nani, na kwa nini mwenzake kakasirika. Kuna pale mwalimu anapoandika mfano ubaoni akitumia jina Bill. Wanafunzi, wengi wa familia za wahamiaji, wanamuuliza: mbona kila siku majina ya namna hiyo, si Aïssata? Simamisha hapo, urudie. Swali la nani anahesabiwa kuwa Mfaransa limo humo lote.

Kosa kubwa la wasomaji wetu Uganda ni kupima shule ile kwa shule zetu, ambazo nyingi zilianzishwa na makanisa au misikiti. Ufaransa ilitenganisha dini na serikali mwaka 1905, na sheria ya 2004 inakataza wanafunzi wa shule za umma kuvaa alama za dini zinazojionyesha waziwazi. Bila kujua hilo, mabishano mengi ya huko utayaelewa kombo.

Kisha soma La Place ya Annie Ernaux (1983). Ni kifupi, lugha nyepesi, na kinaonyesha matabaka vizuri kuliko riwaya nene. Vitabu uliza Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, Kampala.