Umekamatwa na DUI California: Siku Kumi za Mwanzo

Ukikamatwa California kwa kuendesha gari umelewa, yaani DUI, unatoka rumande ukiwa na kesi mbili. Moja ni ya jinai na iko mahakamani. Nyingine ni ya leseni na iko DMV, idara ya magari. Watu huishughulikia ile ya mahakamani wakaisahau hii ya pili, na hii ndiyo inayoanza kuhesabiwa usiku uleule.

Soma karatasi ya waridi uliyopewa polisi walipochukua leseni yako. Ni leseni ya muda ya siku 30, na ndani yake imeandikwa kwamba una siku 10 za kuomba DMV isikilize shauri lako. Jumamosi na Jumapili zimo kwenye hesabu. Ukiomba mapema, leseni haisimamishwi mpaka shauri lisikilizwe. Ukinyamaza, siku 30 zikiisha inasimamishwa: miezi 4 kwa kosa la kwanza, mwaka mzima kama ulikataa kupimwa. Wakili wa umma, anayepewa mtu asiye na uwezo, atakutetea vizuri mahakamani, lakini kwa kawaida habebi shauri la DMV. Kwa hiyo hata kama hujapata wakili, piga simu DMV mwenyewe uombe tarehe.

Tuondoe na dhana moja inayowaponza wengi: “Sipimwi mpaka wakili wangu afike.” Kwa kipimo cha pumzi au damu baada ya kukamatwa, California haikupi haki hiyo, kumsubiri wakili kunaandikwa kuwa umekataa. Kile kifaa kidogo cha mkononi unachopewa barabarani kabla ya kukamatwa ni jambo tofauti. Mwenye miaka 21 au zaidi, ambaye hayuko chini ya uangalizi wa mahakama kwa DUI ya awali, anaweza kukikataa. Maswali ya “umetoka wapi, umekunywa ngapi” nayo si lazima kuyajibu.

Sasa, wakili anafanya nini ikiwa mashine imeshasema 0.09 na kikomo ni asilimia 0.08 ya pombe kwenye damu? Anaanzia kwenye mashine yenyewe. Kanuni za jimbo zinamtaka polisi akuangalie dakika 15 mfululizo kabla ya kupuliza, uwe hujala, hujavuta sigara, hujatapika wala kucheua, kwa sababu pombe iliyorudi mdomoni hupandisha namba. Sampuli ziwe mbili, zisipishane kwa zaidi ya 0.02. Mashine ikaguliwe kila siku 10 au kila vipimo 150, lolote litakalotangulia. Video ya polisi ikionyesha kwamba katika dakika hizo 15 alikuwa amekupa mgongo akiandika ripoti, hapo pana hoja. Kama ulitolewa damu, sampuli huhifadhiwa mwaka mmoja na wakili anaweza kuipeleka maabara nyingine. Kisha kuna saa. Ukisimamishwa 5:40 usiku na kupimwa 6:50, huenda pombe ilikuwa bado inapanda. Sheria inachukulia kwamba kipimo cha ndani ya saa 3 kinaonyesha hali yako ulipokuwa ukiendesha, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa.

Siku ya kwanza mahakamani usikiri kosa ili “yaishe”. Faini ya msingi ni dola 390 hadi 1,000, ila tozo zinazoongezwa juu yake huizidisha mara kadhaa. Ongeza uangalizi wa miaka 3 hadi 5, darasa la DUI la miezi 3 au zaidi, na rekodi itakayohesabiwa miaka 10 ukikamatwa tena. Kukana kunaweza kubadilishwa baadaye. Kufuta ulichokwisha kukiri ni kazi ngumu.

Kwa asiye raia mambo ni mazito zaidi. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Padilla, 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kukueleza athari za uhamiaji kabla hujakiri. Mwambie mapema hali yako: mwanafunzi, mkimbizi, au mwenye kadi ya ukaazi. Viza ya mwanafunzi inaweza kufutwa kwa kukamatwa tu, na atakayekwenda nyumbani kuzika atalazimika kuomba nyingine ubalozini. Hukumu mbili za DUI zinaweza kukwamisha uraia. Kukiwa na dawa za kulevya au mtoto garini, usikiri chochote kabla wakili wa uhamiaji hajaiona hati ya mashtaka.

Ukifika nyumbani, andika ulichokula, ulichokunywa, saa na vipimo vya glasi. Mpe wakili peke yake. Usisimulie kwenye kundi la WhatsApp la familia wala kwa simu ya rumande: simu hizo zinarekodiwa, na Kiswahili kina wakalimani.

Kabla ya kulipa, tafuta jina la wakili kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo. Anayekujazia fomu za uhamiaji mtaani si wakili. Kisha uliza, na ijibiwe kwa maandishi: ada hii inajumuisha shauri la DMV? Mtaalamu wa maabara je? Na kesi ikifika mbele ya baraza la wazee wa mahakama, nitadaiwa nyingine?