Tuta lako linataka ndoo ngapi za matandazo?

Nilipoanza kazi ya ubwana shamba, mzee mmoja wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, aliniuliza aagize gari ngapi za ng'ombe za nyasi kavu kufunikia matuta yake ya tungule (nyanya). Nikalitazama konde, nikakuna kichwa, nikamwambia gari moja yatosha. Nyasi zikaisha katikati ya tuta la tatu, na matuta yalikuwa sita. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umenivisha koti lisilo na mikono." Tangu siku ile sikadirii kwa jicho.

Hesabu si ngumu: urefu wa tuta mara upana mara unene wa tandazo, vyote kwa mita. Lakini wengi wetu hatununui nyasi kwa mita za ujazo. Tunabeba kwa ndoo na polo, yaani gunia. Basi shika hili: ndoo ya rangi ya lita 20, ukiimwaga na kuisawazisha juu ya eneo la mita moja kwa mita moja, inakupa unene wa sentimita 2. Ukitaka sentimita 6, ndoo tatu kwa kila mita mraba. Tuta la mita 10 kwa mita 1.2 lina mita mraba 12, kwa hiyo ni ndoo 36. Kama unabeba kwa polo, lijaze mara moja kwa ndoo huku unahesabu, ujue polo lako linameza ngapi. Mapolo hayalingani, na anayeuza hujaza kwa mkono mwepesi.

Na kuna jingine nililolisahau kwa yule mzee. Nyasi kavu na majani ya mgomba hujaa hewa, na mvua mbili tu zikipiga, tandazo hushuka hata kubaki nusu. Ukitaka zikubakie sentimita 6, mwaga karibu 12, maana yake ndoo zile 36 zinakuwa 72. Makapi ya mpunga hayashuki sana, na sentimita 3 zinatosha, ila shamba likiwa wazi kwa upepo wa kusi utayakuta kwa jirani. Unga wa mbao mbichi mimi siupendi kwenye mboga. Ukichanganyika na udongo, vijidudu vinavyouozesha hula naitrojeni, chakula cha mimea, kwanza, na mchicha unageuka manjano.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza chochote, fanya jaribio. Kata fito nne za mita moja moja, ziweke pembe nne juu ya tuta, tandaza humo ukihesabu ndoo, kisha mwagia maji na uache siku tatu. Chomeka kijiti hadi kwenye udongo, kipime. Ukipenda unene ulioupata, zidisha idadi ya ndoo kwa mita mraba za matuta yote, uongeze sehemu moja ya kumi kwa kinachomwagika njiani.

Makumbi ya nazi hayapimiki vizuri kwa ndoo. Yapange ndani ya fito zile zile, uyahesabu kwa vipande. Yalaze mgongo juu, tumbo chini. Yakikaa kama bakuli yanashika maji ya mvua, na mbu watakushukuru. Halafu uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, yana chumvi, na tungule haliipendi. Chukua yale ya kufuliwa nazi shambani. Na yakibaki, usiyarundike na samadi karibu na minazi michanga, kwani rundo linalooza ndiyo nyumba ya kuzalia chonga, yule mdudu anayetoboa minazi.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kokoto. Kwenye njia kati ya matuta, sawa: njia ya mita 8 kwa nusu mita, unene sentimita 5, inataka ndoo 10, na uzito wake ni karibu kilo 300, kwa hiyo tafuta toroli. Juu ya tuta la mboga, hapana. Kokoto zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, yaani chokaa, na udongo wa maweni tayari una chokaa ya kutosha. Mchanga wa pwani usiufikirie kabisa, kwa chumvi yake, na kuuchimba kunataka kibali.

Tandaza udongo ukiwa umeloa, baada ya kupalilia. Mwisho wa masika ni wakati mzuri, na mwisho wa vuli pia, kabla jua la kaskazi halijakaza. Ukifunika udongo mkavu, manyunyu madogo yatalowesha nyasi tu, chini kubaki vumbi. Acha vidole vinne kuzunguka kila shina lisioze. Mchicha wa kumwaga mbegu usubiri mpaka ufike shibiri moja.

Baada ya miezi miwili, rudi na kijiti chako. Tandazo likiwa limeshuka kutoka sentimita 6 hadi 4, hesabu unayo tayari: ndoo moja kwa kila mita mraba, 12 kwa tuta lile. Kama ni nyasi, beba 24.