Kubadilisha Prosesa Sasa au Kusubiri: Namna ya Kuamua

Anayejiuliza kama abadilishe prosesa sasa au angoje kizazi kijacho kwa kawaida huanza kwa kutazama tarehe za matoleo mapya, na hapo ndipo anapojichelewesha bure. Toleo jipya halikosekani. Kila Januari kampuni za Intel na AMD huwa na la kuonyesha kwenye maonyesho ya CES mjini Las Vegas, katikati ya mwaka huwa na jingine kwenye Computex ya Taipei, na mwenye kungoja lijalo atangoja miaka nenda rudi. Linalofaa kuulizwa ni kama ubao mama uliomo ndani ya kompyuta yako bado unapokea prosesa inayoizidi ya sasa kwa kiasi utakachokiona kazini. Kama unaipokea, ni nadra kupata sababu nzuri ya kusubiri. Kama hauipokei, itakulazimu kununua prosesa, bodi na pengine RAM kwa pamoja, na hapo kusubiri huwa na hoja. Ninazungumzia kompyuta za mezani, kwa kuwa kwenye kompyuta mpakato karibu zote za miaka ya karibuni prosesa imechomelewa kwenye bodi na haibadilishwi.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba prosesa ndiyo inayokuchelewesha. Fungua kazi ile ile inayokukera, iwe ni kutoa video ya harusi au faili kubwa la Excel, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager ya Windows, na uende kwenye ukurasa wa Performance. Ukikuta RAM imejaa huku diski ikifanya kazi bila kupumzika, tatizo ni RAM. Ukikuta mashine bado inatumia diski ya kuzunguka, weka SSD kwanza, kwa sababu hakuna prosesa itakayoficha ugoigoi wa diski hiyo. Ikiwa RAM na diski hazina shida, bofya grafu ya prosesa kwa kitufe cha kulia na uchague kuonyesha kila kiini (core) peke yake. Viini vyote vikiwa vimejaa, prosesa yenye viini vingi zaidi itakusaidia. Kikiwa kimejaa kimoja tu na vingine vimelala, kuongeza idadi ya viini hakutabadilisha kitu, nawe unahitaji kiini chenye kasi zaidi. Kwa wachezaji wa michezo kipimo ni rahisi: punguza resolusheni, na kama idadi ya fremu kwa sekunde haipandi, kadi ya picha si ya kulaumiwa.

Joto nalo lipimwe, hasa katika miji ya pwani na maduka yaliyo kando ya barabara ya vumbi. Prosesa inayokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na mwenye mashine huona tu kwamba kompyuta imezeeka. Kupuliza vumbi na kupaka pesti mpya ya kupitisha joto ni kazi ya nusu saa kwa fundi, nayo imewaokoa wengi na gharama ya prosesa wasiyoihitaji.

Sasa soketi, yaani sehemu ya bodi ambamo prosesa hukaa. Mfano bora wa kununua bila kungoja ni AM4 ya AMD, iliyopokea prosesa za kwanza za Ryzen mwaka 2017 na kuendelea kupokea prosesa mpya kwa miaka mingi isivyo kawaida. Mwenye bodi ya B450 na Ryzen 5 2600 anaweza kuweka Ryzen 5 5600 au Ryzen 7 5700X akabaki na RAM yake ya DDR4, kipozeo chake na, mara nyingi, pawa saplai yake. Hata bodi nyingi za B350 za mwanzo zilipata matoleo mapya ya BIOS, programu ya bodi inayowasha mashine, ya kuzipokea Ryzen 5000 mwaka 2022. Kwa mtu wa namna hii sioni anachosubiri. Tena subira yaweza kumgharimu: Ryzen 7 5800X3D, iliyotolewa mwaka 2022 na kupendwa sana na wachezaji wa michezo, iliacha kutengenezwa, na waliodhani watainunua kwa bei ya kutupa baada ya miaka michache hawakuipata kwa bei hiyo.

Upande wa Intel mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kampuni hiyo hubadilisha soketi mara kwa mara, na wakati mwingine hubadilisha masharti bila kubadilisha umbo. Soketi ya LGA1151 ndiyo mtego mkuu kwa wanunuzi wa kompyuta za ofisini zilizotumika, ambazo zimejaa Kariakoo na katikati ya jiji la Nairobi. Dell OptiPlex 7050, kwa mfano, hupokea prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 tu. Ya kizazi cha 8 itakaa kwenye soketi ile kana kwamba imetengenezewa hapo, lakini mashine haitawaka. Mwenye i5-6500 kwenye mashine hiyo anaweza kupanda hadi i7-7700, ambayo nayo ni ya wati 65 na kwa hiyo haiielemei pawa saplai ndogo ya kiwandani. Aachane na ile yenye herufi K, kwani inahitaji wati 91 na kipozeo kile kifupi hakikuundwa kwa ajili yake.

Hata hivyo, kwa mashine hizi nina shaka moja kubwa. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji, kwa masharti yake rasmi, Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ya kompyuta. Kuweka i7-7700 kutakuongezea kasi, lakini hakutakuvusha mpaka huo. Ikiwa unatumia Linux, au unaipata prosesa hiyo kwa bei ndogo sana, nunua. Vinginevyo weka akiba ya mashine nyingine.

Wanaostahili kusubiri ni wale ambao hatua yao inayofuata ni soketi mpya kabisa. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, inapokea RAM ya DDR5 peke yake, na LGA1851 ya Intel vivyo hivyo, kwa hiyo RAM yako ya DDR4 haihami nawe. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya duniani kote, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na yeyote anayepiga hesabu ya kuhamia DDR5 aanze na bei ya RAM kabla ya kuitazama ya prosesa. Hapo subira ina faida iwapo kazi zinaenda, hata kama zinaenda polepole. Lakini subiri kitu kinachojulikana: bidhaa iliyokwisha kutangazwa, itakayotoka ndani ya miezi miwili au mitatu, na iliyopimwa na watu wasiolipwa na mtengenezaji. Waliongojea prosesa za Intel za Core Ultra 200S za Oktoba 2024 kwa ajili ya michezo waligundua kwamba katika michezo mingi zilizidiwa na kizazi cha 14 kilichozitangulia.

Ukishaamua kununua, soma jina la prosesa herufi kwa herufi. Intel zenye F mwishoni hazina sehemu ya picha, na Ryzen 5 5600 pia haina, ilhali 5600G inayo. Asiye na kadi ya picha atawasha mashine na kutazama skrini nyeusi. Ukiuziwa Core i7 au i9 za mezani za kizazi cha 13 au 14 zilizotumika, kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu baadhi yake ziliharibiwa na hitilafu ya volteji ambayo Intel ilianza kuirekebisha kwa sasisho la Agosti 2024, na sasisho haliponyi iliyokwisha kuharibika.

Kisha sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, kwa faili la bodi yako hasa, na mashine ikiwa kwenye UPS, kwa maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo bodi yaweza isiwake tena. Kwenye AM4 endesha kompyuta dakika kadhaa ili pesti ilainike, izime na uchomoe waya wa umeme, halafu kizungushe kipozeo taratibu kulia na kushoto kabla ya kukinyanyua. Ukikivuta kwa nguvu, prosesa hung'oka nacho kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini zake zilizo chini hupinda. Prosesa ya zamani usiiuze wiki hiyo hiyo: ipya ikigoma kuwaka, utaihitaji ili kuifikia BIOS na kujua kama kosa ni la bodi au la muuzaji.