Kufuatilia dhamira moja katika shairi refu: maji ndani ya The Waste Land

Shairi hili la T. S. Eliot, la mwaka 1922, lina mishororo zaidi ya 430, na msemaji hubadilika bila kupiga hodi. Ukilihakiki lote kwa mkupuo litakuchosha bure.

Hatua ya 1. Lisome lote kwa sauti, bila kalamu. Usipoelewa, songa mbele.

Hatua ya 2. Chagua kitu kinachoshikika. Wengi huandika "kukata tamaa" kisha wanakwama, maana kumetanda kote kama moshi. Maji unaweza kuyapigia mstari.

Hatua ya 3. Yaandike kila yanapotokea, na pembeni useme nani anayataka, nani anayaogopa. Hapa ndipo penye utamu. Mwanzoni mvua ya Aprili inaamsha mizizi, na mwezi huo unaitwa katili. Punde tuko kwenye jiwe kavu. Kisha mpiga ramli wa karata anamwonya mteja aogope kufa maji, na sehemu ya nne, yenye mishororo kumi tu, inatuonyesha Phlebas, baharia Mfoinike (mtu wa taifa la kale la wafanyabiashara wa baharini), aliyekwisha kufa maji kweli. Katika ya tano mwenye kiu ameshusha ombi lake hadi sauti ya maji tu: ndege analia kama matone, ndo, ndo, ndo, na mshororo unaofuata unasema maji hakuna.

Hatua ya 4. Toa dai linalobishika. "Maji ni muhimu" si dai. "Wanaolilia maji ndio wanaoogopa kuzama" ni dai.

Maswali

*Mwalimu, sehemu ya pili sikuona maji. Niiruke?*
Hapana, rudi tena. Kuna maji ya moto ya saa nne, na mvua ikinyesha, gari lililofunikwa saa kumi. Wanaozungumza hapo wanaikimbia mvua ileile inayoliliwa baadaye. Na buriani ya mwisho ni maneno ya Ophelia, msichana katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare. Naye alikufa maji.

*Naweza kubeba dhamira mbili?*
Kwa insha ya kurasa tatu, moja.

*Mimi naona mwishoni mvua inanyesha. Nimekosea?*
Hujakosea, ila mimi nakataa. Upepo wa unyevu unaileta mvua, radi inanena, lakini baada ya hapo msemaji amekaa ufukweni anavua samaki, na uwanda ulio nyuma yake bado mkavu. Ukitaka kunishinda, anza na mshororo huo.