Somo: Saladi ya mtama mzima na mboga mbichi kwa msimu huu wa jua

Januari ikiingia hapa Nairobi, hadi mvua ndefu zianze mwezi wa Machi, mtu hana hamu ya chakula cha moto saa saba mchana. Mimi hubeba chakula changu kutoka Umoja hadi kazini mjini, na wiki hizi za jua ninabeba saladi ya mtama: punje nzima zilizochemshwa zikapoa, kisha zikachanganywa na matango, nyanya, limau na dhania ya kutosha. Anayejua kutengeneza kachumbari amefika nusu ya njia.

Wengi wetu tunaujua mtama kama unga wa uji, au wa kuchanganya na mhogo kwenye ugali. Punje nzima tumewaachia kuku. Jambo hili huniuma. Mtama ni nafaka ya Afrika. Ulilimwa pande za Sudan maelfu ya miaka kabla mahindi hayajavuka bahari kutoka Amerika, na hadi leo Ukambani na Tharaka unasimama shambani wakati mahindi yamenyauka. Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi: mtama, wimbi, uwele na jamii zake. Saladi ya nafaka na majani mabichi ni chakula cha zamani cha watu wa Lebanoni na Syria, nao huita tabule, wakitumia ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa. Mimi nimeweka mtama mahali pa ngano.

Kabla ya yote, shikeni hili: adui wa saladi hii ni maji. Mara ya kwanza niliipeleka kwenye chama chetu, nikaichanganya yote saa mbili asubuhi. Tulipofunua bakuli saa nane mchana, chini palikuwa na maji ya nyanya, punje zimevimba, dhania imekuwa nyeusi. Wenzangu walionja kijiko kimoja wakarudi kwenye chapati. Kila hatua nitakayoeleza inapigana na maji hayo.

Mahitaji, watu sita

Mtama mweupe mzima vikombe 2. Matango 2. Nyanya 4 ngumu, zisiwe zile zilizoiva kupita kiasi. Pilipili hoho 1, karoti 1, kitunguu chekundu 1. Dhania mafungu 3 ya mama mboga, minti fungu 1, vitunguu vya majani fungu 1. Malimau 3. Mafuta ya zeituni vijiko 5 vya mezani. Ya alizeti pia yanafaa. Jira nzima kijiko 1 cha chai. Njugu karanga zilizokaangwa nusu kikombe. Chumvi, pilipili manga, na parachichi 1 ukipenda.

Hatua ya 1: Kununua na kuchambua

Mtama nanunua Nyamakima, kwenye maduka ya nafaka, kwa sababu pale unaruhusiwa kutia mkono guniani. Chukua mweupe. Mwekundu mara nyingi una ukakasi kwenye ganda lake, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Ndege wenyewe shambani huanza na mweupe. Nusa: ukisikia harufu ya ukungu, achana nao. Na usinunue kamwe mtama uliopakwa rangi ya waridi au kijani. Huo ni wa mbegu, umetiwa dawa, na haufai kuliwa hata uoshwe mara kumi.

Nyumbani umwage kwenye sinia, kidogo kidogo, uuchambue karibu na dirisha. Vijiwe vya mtama vina rangi moja na punje, jicho la haraka halivioni. Kisha pepeta, osha kwa maji matatu.

Hatua ya 2: Kuloweka

Usiku mzima, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi maji hayo mwaga.

Hatua ya 3: Kuchemsha

Maji vikombe 6, chumvi kijiko kimoja cha chai, mtama ndani. Ukichemka punguza moto, funika. Itachukua kati ya dakika 50 na 70. Kwenye sufuria ya presha ni dakika 20 hadi 25.

Dakika hazitoshi kukuambia kama umeiva. Toa punje tatu, zipoe, uzikate kwa jino la mbele. Punje mbichi ina kitone cheupe katikati, kama chaki. Kitone kikiisha, na punje ikawa inakataa kidogo kabla ya kupasuka mdomoni, imefika. Ukiona punje zimefunguka kama maua, umepitiliza. Pikia uji, usitie kwenye saladi.

Hatua ya 4: Kukausha (hapa msiwe na haraka)

Mwaga kwenye chujio, tikisa, acha dakika 5, tikisa tena. Sasa tandaza kwenye sinia pana, tabaka moja jembamba. Utaona mvuke ukipanda. Huo ni maji yanayoondoka bila kazi. Mtama ukiwa bado na joto la kushikika mkononi, nyunyizia maji ya malimau mawili na vijiko 3 vya mafuta, ugeuze. Punje yenye joto hunywa limau hadi ndani. Ikisha kupoa, limau hubaki juu juu tu, na utajikuta unaongeza chumvi bila kuelewa ladha imepotelea wapi.

Jira ikaange bila mafuta kwa dakika moja, itwange kidogo, inyunyize hapo hapo. Kisha acha mtama upoe kabisa, ila usipite saa mbili nje ya friji.

Hatua ya 5: Mboga

Tango lipasue kwa urefu, kwa kijiko ukwangue mbegu zote. Katakata vipande vidogo, nyunyiza chumvi, weka kwenye chujio dakika 10. Utashangaa maji yatakayodondoka. Kamua kwa mkono.

Nyanya nazo zipasue, toa mbegu na ule utelezi wake (usitupe, utafaa mchuzi wa jioni), ubaki na nyama. Kitunguu kikate kwa wembamba, ukisugue na chumvi, suuza, kamua, kama tufanyavyo kwa kachumbari. Hoho na karoti zikate vidogo. Ukubwa wa kila kipande usizidi punje ya hindi, ili kijiko kimoja kibebe kila kitu.

Hatua ya 6: Majani

Kwenye saladi hii majani ni mboga kamili. Mafungu matatu ya dhania yakishakatwa yanakuwa lundo dogo tu, msiogope. Osha kwanza, pukuta, kisha viringisha ndani ya kitambaa safi kikavu kwa dakika chache. Jani likiwa na maji halikatiki, linapondeka, na ndiyo sababu linageuka jeusi. Kisu kiwe kikali, upite mara moja. Vitunguu vya majani vikate vivyo hivyo. Mashina laini ya dhania yaache ndani, yana ladha kuliko majani. Minti chukua majani peke yake, ikatwe mwisho kabisa.

Hatua ya 7: Kuchanganya

Mtama uliopoa, mboga, majani, njugu, mafuta yaliyobaki, limau la tatu kwa kuonja. Geuza kwa mikono safi. Acha dakika 15 kabla ya kupakua. Parachichi linakatwa juu ya sahani ya mlaji, halichanganywi bakulini.

Pembeni yake naweka mayai ya kuchemsha, au samaki wa kukaanga, au ndengu. Inatosha peke yake pia.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Kayole: Nimechemsha saa nzima na nusu, mtama bado unagonga meno. Dada yangu yuko Mombasa, wake unaiva mapema. Nakosea wapi?*

Hujakosea, mama. Nairobi iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na huku maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 94 badala ya 100 za pwani. Ndiyo maana hata maharagwe yetu yanachelewa. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia: huenda mtama ni wa miaka mingi ghalani, na huenda umetia limau au nyanya sufuriani kabla haujaiva. Uchachu huifanya nafaka ikatae kulainika. Limau lingoje hadi mtama ushuke motoni. Kama unayo sufuria ya presha, itumie bila wasiwasi.

*Kaka wa Kawangware: Gesi ni ghali. Hakuna njia ya kupunguza?*

Ipo, kaka. Ukishauloweka usiku, uchemshe dakika 20 tu kwa moto mkali, funika vizuri, kisha sufuria yote uizungushie blanketi zito au uiweke kwenye kapu la kuhifadhi moto, saa mbili. Ukifunua utakuta kazi imebaki ndogo. Rudisha jikoni uchemke tena hadi ile punje ya jino iwe sawa. Mimi pia huchemsha mwingi Jumapili, nauhifadhi kwenye friji siku 3, na sehemu nyingine kwenye jokofu la kugandisha.

*Dada wa Pipeline: Sina friji. Niache kabisa?*

Usiache, dada, ila badilisha mpango. Nafaka iliyopikwa ikikaa kwenye joto la chumba saa nyingi, kuna bakteria wanaoota humo na kuacha sumu ambayo haiondoki hata upashe moto. Kwa hiyo loweka usiku, pika alfajiri kiasi cha kuliwa siku hiyo tu, tandaza upoe upesi, na mle asubuhi hiyo ndani ya saa mbili. Kisichoisha kisingoje jioni. Siku ya kubeba kazini, wewe beba kachumbari peke yake na kitu kikavu kama chapati.

*Mama wa Githurai: Mboga mbichi zinanitia hofu. Zingine humwagiliwa maji ya mitaro kando ya mto.*

Hofu yako ina msingi, na mimi siipuuzi. Muulize mama mboga wako zinatoka wapi, anayejua atakwambia. Nyumbani suuza kwanza kwa maji yanayotiririka hadi mchanga uishe, jani kwa jani kwa dhania. Kisha ziloweke kwenye maji yaliyotiwa dawa ya klorini ya kusafishia maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na suuza mwisho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi na siki haziui kila kitu, msizitegemee peke yake. Tango na karoti menya. Mitaa ikiwa na kipindupindu, mimi huacha mboga mbichi kabisa: mtama nachanganya na karoti, maharagwe mabichi ya kijani na hoho zilizochemshwa, zikiliwa zingali moto.

*Mwanachama wa South B: Mume wangu ana kisukari. Hii inamfaa?*

Punje nzima humeng'enywa polepole kuliko unga mweupe, na mboga husaidia. Lakini mtama bado ni wanga. Apimiwe kiasi, kama kikombe kimoja kidogo cha mtama uliopikwa, mboga ziwe nyingi kuliko nafaka, na apime sukari yake baada ya kula mara chache za kwanza. Kipimo chake cha kila siku mpange na daktari au mtaalamu wa lishe anayemfahamu, maana dawa anazotumia nazo zinahesabika.

*Dada wa Lang'ata: Mwanangu hawezi kula ngano. Mtama ni salama?*

Mtama wenyewe hauna gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Tatizo ni safari yake: gunia lililokuwa na ngano, mizani iliyopimia shayiri. Nunua mtama mzima, siyo wa kusagwa, uuchambue na kuuosha vizuri, na muulize muuzaji. Kama mtoto ameambiwa na daktari kwamba hata chembe inamdhuru, tafuta pakiti iliyoandikwa kuwa haina gluteni. Tabule ya ngano asiiguse.

*Mzee wa Machakos, sasa yuko Donholm: Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, haufai? Sisi tunao nyumbani.*

Unafaa sana, mzee wangu, na shikamoo. Muthokoi umeshatolewa ganda, kwa hiyo hunywa limau vizuri kuliko mtama. Punje zake ni kubwa, basi mboga zikate kubwa kidogo, na njugu uongeze. Uchemshe hadi ulainike kabisa. Muthokoi mgumu ukipoa unazidi kuwa mgumu.

*Mama wa Kayole tena: Minti sipati hapa karibu.*

Jaribu soko la City Park, Parklands. Majani ya kila aina yako pale, mabichi. Ukipata fungu lenye mashina marefu, usitumie yote. Vijiti viwili visimamishe kwenye glasi ya maji dirishani, vitatoa mizizi ndani ya wiki mbili, uvipande kwenye kopo. Changu nilianza hivyo, na sasa kiko kwenye ndoo kuukuu nje ya mlango. Kimwagilie jioni, na kisikae jua la mchana kutwa.