Kuhamisha laini kwenda eSIM bila kukwama na M-Pesa

Kabla hujapanda matatu kwenda mjini kufuata eSIM, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe badala ya kadi ya plastiki, piga *#06# kwenye simu yako. Italeta IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na kama simu inakubali eSIM utaona pia namba ndefu ya tarakimu 32 inayoanza na 89. Hiyo ni EID, kitambulisho cha kichipu cha eSIM chenyewe. Isipotokea, karibu kila mara ina maana kwamba eSIM haimo.

Usiamini jina la modeli peke yake. iPhone XS na zilizofuata zina eSIM, lakini nyingi zilizotengenezewa soko la China bara zina nafasi mbili za laini za plastiki na eSIM hazina kabisa. Kwenye kabati la kioo la duka la simu huwezi kuzitofautisha kwa macho. Samsung za mfululizo wa Galaxy S nazo zilianza kwa S20 ya mwaka 2020, ila si kila toleo.

Kuna simu ambazo hazikupi hiari. iPhone 14 na kuendelea za Marekani hazina tundu la laini. iPhone 17 zilizouzwa Saudia, Falme za Kiarabu, Qatar, Oman, Kuwait na Bahrain vilevile, na iPhone Air haina tundu popote duniani. Kwa Mombasa, ambako nusu ya mtaa una ndugu Ghuba, hili si jambo la mbali. Ukiletewa zawadi, tazama ubavu wake, kisha ingia Settings, General, About, uutafute mstari wa Carrier Lock. Lazima uandikwe No SIM restrictions. Ikiwa simu bado imefungwa na kampuni ya huko, laini ya hapa haitashika, iwe ya plastiki au eSIM.

Kinachohama ni nini? Laini ndogo ya plastiki ni milimita 12.3 kwa 8.8. Kichipu cha eSIM ni milimita 6 kwa 5, kimechomelewa kwenye bodi ya simu kiwandani. Kampuni ya simu inakitumia wasifu kupitia intaneti: namba, funguo za mtandao, hata menyu ya M-Pesa. Ndiyo maana M-Pesa inafanya kazi kama kawaida baada ya kuhama.

Sasa swali la maana zaidi: uhamishe laini gani? Rai yetu ni kwamba ukiwa na laini mbili, anza na ile isiyobeba biashara. Chukua mfano wa muuza viazi karai pale Mama Ngina. Kioo cha simu kikivunjika saa kumi na mbili jioni, wateja ndio wanajaa, anatoa kadi na kuitia kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, na jumbe za malipo zinaendelea kuingia. Dakika mbili zimetosha. Laini hiyo ingekuwa eSIM, angengoja duka la kampuni lifunguliwe kesho.

Upande wa wizi, eSIM inashinda. Mwizi akikunyakua simu ukiwa kwenye tuktuk, jambo la kwanza ni kuchomoa kadi na kuitia simu nyingine ili apokee namba za siri zinazotumwa kwa SMS. eSIM haichomoki. Ukibaki na plastiki, basi weka PIN ya laini. Ukiikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kuifungulia yenye tarakimu 8, na ukikosea PUK mara kumi kadi imekufa, kwa hiyo hifadhi ile kadi kubwa ulikobandulia laini, ndiko PUK ilikoandikwa.

Ukishaamua, anza kwa kuhamisha majina. Wengi bado wana namba zilizohifadhiwa kwenye kadi, na hizo hazifuati wasifu mpya. Zinakili kwenye simu au akaunti ya Google kwanza. Halafu nenda duka la kampuni yako, Safaricom au Airtel, ukiwa na kitambulisho chako halisi na simu yenyewe ikiwa na chaji ya kutosha. Mwenye laini aende mwenyewe. Kama laini imesajiliwa kwa jina la shemeji, hapo ndipo utakwama. Piga *106# uone zilizo chini ya jina lako.

Utapewa msimbo wa QR. Utaratibu wake:

1. Unganisha Wi-Fi, zima VPN, na hakikisha saa na tarehe ya simu ni sahihi. Tarehe ikiwa kombo, simu hukataa cheti cha seva na upakuaji hukatika bila maelezo ya maana.
2. Kwenye Samsung ingia Connections, SIM manager, Add eSIM. Kwenye iPhone ni Cellular au Mobile Data, kisha Add eSIM.
3. Piga picha msimbo kwa kamera. Ukiwa umetumwa kwenye simu hiyohiyo, ufungue kwenye simu ya mtu mwingine au uchapishe. iPhone yenye iOS 17.4 au zaidi inakubali ukiubonyeza na kuushikilia.
4. Ngoja, usizime simu. Kadi ya zamani itapoteza mtandao yenyewe, hiyo ndiyo dalili kwamba mambo yameenda sawa.

Msimbo kwa kawaida hutumika mara moja. Ukifuta wasifu kwa kudhani utauingiza tena, utarudi dukani kuomba mwingine. Usiutume picha kwa yeyote pia: atakayeutangulia ndiye atakayeipata laini yako.

Menyu ya M-Pesa isipotokea, zima simu uiwashe. Ikigoma, *334# inafanya kazi ileile. Benki nyingine huona badiliko hili kama kubadilishiwa laini na kufunga huduma ya simu mpaka uthibitishe, kwa hiyo usihame siku unayodaiwa kodi ya nyumba. Ukiwa na laini mbili, chagua mwenyewe ya data na uzime ruhusa ya simu kurukia nyingine, la sivyo salio litaliwa upande usioutazama.

Zile eSIM za mtandaoni wanazonunua watalii huwa nyingi ni za data tu. Hazina namba ya Kenya, na bila namba hakuna M-Pesa.

Plastiki haijaisha leo. Simu za bei nafuu bado zinakuja na tundu, na kabambe ndiyo kabisa. Lakini vifaa vya kufuatilia malori yanayotoka bandarini vinafaidi zaidi kichipu kilichochomelewa, kwa kuwa mtikisiko na chumvi ya hewa yetu havikipati kirahisi kama vinavyoipata kadi inayocheza ndani ya tundu.

Tatizo la mwisho liko kwa fundi. Kubadili kioo au betri hakugusi eSIM. Kubadili bodi kunaondoka nayo. Na simu ikifutwa yote, huuliza kama eSIM nayo ifutwe: mwambie fundi kabla hajaanza kwamba jibu ni hapana.