Chakula cha Jumapili cha Kusini mwa Marekani: Sukuma, Mkate wa Mahindi na Sala ya Mezani

Mtu aliyezoea sukuma wiki ya Nairobi, inayokatwa nyembamba kama nyuzi na kukaangwa kwa dakika chache, hushtuka anapoambiwa kwamba huko Georgia, Alabama na Mississippi mboga hiyohiyo huchemshwa kwa zaidi ya saa nzima pamoja na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Mimi pia nilishtuka. Kisha Jumapili moja baada ya ibada nikaketi mezani kwa mama mmoja wa kanisani, nikamega kipande cha mkate wa mahindi, nikakichovya katika mchuzi wa kijani uliobaki bakulini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikipika hivyo mwenyewe. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuandaa mlo huo nyumbani kwake, awe anaishi huko Kusini au anaishi Arusha, na jambo la kushika kabla ya kuwasha jiko ni kwamba mlo huu hupangwa kwa kufuata ibada: kila kazi inayoweza kufanywa Jumamosi humalizwa Jumamosi, ili mpishi naye apate kuimba, kusikiliza neno na kuketi mezani pamoja na wenzake.

Kuhusu kuku wa kukaanga nitasema machache, kwa kuwa anajulikana dunia nzima. Watu wa Kusini humwita ndege wa injili, kwa sababu zamani kuku alichinjwa Jumapili mchungaji alipokaribishwa nyumbani. Mgeni akapewa mapaja na kidari, na watoto wakasubiri shingo na mabawa. Wazee wa huko wanapenda kusimulia kwamba kuku wa kijijini walikuwa wakimwona mchungaji anakunja kona, wanatawanyika vichakani, na sidhani kama kuna msomaji aliyekulia kwetu ambaye hajawahi kumkimbiza kuku wa mgeni kuzunguka nyumba. Ukitaka kumwandaa, mlaze kwenye mtindi wenye chumvi usiku kucha na umkaange au umwoke utakavyo. Moyo wa mlo huu, kwa maoni yangu, uko kwenye sufuria ya mboga na kikaango cha mkate.

Anza Jumamosi alasiri na nyama. Chukua mguu au shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, yapata gramu 600, au kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa vivyo hivyo, ambacho ndicho cha asili zaidi. Iweke katika maji lita 2 pamoja na kitunguu kikubwa kilichokatwa, punje tatu za kitunguu saumu na pilipili kavu kidogo, funika, na uiache ichemke polepole kwa muda wa saa moja mpaka nyama ianze kuachana na mfupa. Usitie chumvi bado, kwa sababu nyama hiyo imebeba chumvi yake, na ukiitia mapema utajuta mchuzi utakapopungua.

Wakati nyama inachemka, shughulikia majani. Kilo moja ya sukuma inatosha watu sita, maana hunywea sana. Osha katika karai lenye maji mengi, si chini ya bomba, na unapoyatoa majani pitisha vidole chini ya karai: ukihisi mchanga, mwaga maji na urudie. Mara nyingi ni maji ya tatu ndiyo yanayotoka safi. Kisha chana majani kutoka kwenye vikonyo vigumu, yapange moja juu ya jingine, yakunje kama jamvi na uyakate vipande vyenye upana wa vidole viwili. Usiyakate nyembamba kama tulivyozoea, kwa sababu yatarojeka. Wakulima wa Kusini husifu majani yaliyopigwa na baridi kali, na wana haki, kwa kuwa baridi huufanya mmea uongeze sukari yake. Anayepika kwenye joto la Mombasa anaweza kutia kijiko kidogo cha sukari sufuriani kufidia hilo.

Tumbukiza majani ndani ya mchuzi wa nyama, yakandamize kwa mwiko hadi yazame, punguza moto na uyaache kati ya dakika 45 na saa moja na nusu, kutegemea ukomavu wake. Yameiva pale yanapokuwa laini kabisa, yamegeuka rangi ya zeituni, na hayatafuniki kwa mlio tena. Wapo watakaokuambia kwamba umeua mboga. Wape kijiko waonje mchuzi kwanza, kwa sababu vingi vilivyotoka kwenye majani vimo humo. Mwishoni chambua nyama kutoka kwenye mifupa, irudishe, tia siki vijiko viwili vya chakula, onja, na hapo sasa utie chumvi ikihitajika. Zima moto, acha ipoe na uihifadhi kwenye friji. Mboga hii huzidi utamu ikilala, na ndiyo maana inafaa kupikwa Jumamosi. Ukirudi kutoka kanisani unaipasha tu.

Mkate wa mahindi, kwa upande mwingine, haulali. Huokwa saa ileile utakapoliwa, na dakika 25 unazohitaji katika oveni ndizo hizo ambazo watoto wanavua nguo za kanisani na wakubwa wanapanga sahani. Kabla ya kwenda ibadani, changanya katika bakuli vikombe 2 vya unga wa mahindi, kijiko kidogo kimoja cha chumvi, vijiko vidogo 2 vya bekingi poda na nusu kijiko kidogo cha bekingi soda. Dona inafaa kuliko sembe laini, kwa sababu mkate huu unataka chembe zinazosikika mdomoni. Ukirudi, washa oveni kwa nyuzi 220 za Selsiasi, na ndani yake uweke kikaango kizito cheusi cha chuma, chenye upana wa sentimita 25 hivi, kikiwa na vijiko 4 vya chakula vya mafuta yaliyotoka kwenye nyama ya nguruwe au siagi iliyochujwa. Piga mayai 2 ndani ya vikombe 2 vya mtindi, mimina kwenye unga na ukoroge mpaka upate rojo inayomiminika kama uji mzito. Mtindi wetu wakati mwingine ni mzito kuliko wa huko, hivyo uongeze maziwa kidogo ukiona mwiko unasimama. Ukali wa mtindi ukikutana na bekingi soda hutoa gesi inayoinua mkate, kwa hiyo usikoroge halafu ukaiacha rojo mezani huku ukipiga simu.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua kila kitu. Toa kikaango kikiwa na moto mkali, zungusha mafuta yaguse kuta zote, mimina yaliyozidi ndani ya rojo, koroga mara moja, kisha mimina rojo yote kikaangoni. Lazima usikie mlio wa chwaa, ndipo ukirudishe kikaango katika oveni kwa zile dakika 25. Yule mama aliyenifundisha alikuwa ananyamazisha jikoni kote ili ausikie mlio huo, na siku moja haukusikika, akarudisha kikaango kwenye oveni bila neno, tukasubiri dakika tano zaidi. Mlio huo ndio unaofanya ganda la chini kuwa la dhahabu na kuachana na chuma bila kung'ang'ania. Asiye na oveni anaweza kutumia jiko la mkaa, kwa kuufunika mkate kwa kifuniko cha bati na kupalia makaa juu yake kama afanyavyo mpishi wa mkate wa sinia, na hata wapishi wa kale wa Kusini walioka hivyo katika vyungu vya chuma mekoni.

Usitie sukari. Najua jambo hili linagawa familia huko, na wapo wapishi wazuri wanaotia, lakini mkate wenye sukari hushindana na mboga badala ya kuipokea. Kikaango nacho usikiloweke: kioshe kwa maji ya moto, kikaushe juu ya moto na ukipake mafuta membamba, nacho kitarithiwa na wajukuu.

Chakula kikiwa mezani hakuna anayegusa kijiko kabla ya sala. Watu hushikana mikono, mkubwa wa nyumba au mtoto aliyechaguliwa husali, na mara nyingi sala hiyo huomba Mungu aibariki mikono iliyoandaa, maneno ambayo Mkristo wa kwetu atayatambua mara moja, ingawa sisi hupenda kuongeza kwamba wasio nacho nao wapewe. Ukimpa mtoto jukumu hilo mfundishe kifungu kifupi kutoka Sala ya Bwana, „Utupe leo riziki yetu", kisha mwache aongeze yake. Mezani kwa yule mama, mjukuu wa miaka mitano alimshukuru Mungu kwa kuku, kwa mkate, na kwa kuwa mahubiri yalikuwa mafupi, na bibi yake alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha meza kabla ya kusema amina.

Mchuzi wa mboga, ambao watu wa huko huuita potlikker, upewe kila mtu katika kibakuli chake. Je, mkate huchovywa au huvunjwavunjwa ndani? Mwaka 1931 gavana wa Louisiana, Huey Long, mtetezi wa kuchovya, alibishana hadharani na gazeti la Atlanta Constitution, lililotetea kuvunjavunja, na wasomaji wakaandika barua wakichagua upande. Mimi nachovya.

Ikiwa Jumapili yako inaangukia Mwaka Mpya, ongeza kunde zilizopikwa na wali. Kunde zilisafiri kutoka Afrika pamoja na watu waliotekwa utumwani, na makanisa ya Wamarekani weusi bado hufanya mkesha wa tarehe 31 Desemba, yakikumbuka usiku wa mwaka 1862 waumini walipokesha wakisubiri tangazo la Rais Lincoln la kuwakomboa watumwa, lililoanza kazi siku iliyofuata. Kunde ziloweke kabla ya kwenda mkeshani, nazo zitaiva haraka ukirudi.

Mkate ukibaki, usiutupe. Jioni uvunje vipande ndani ya glasi ndefu, mimina mtindi baridi mpaka ufunikwe, nyunyiza chumvi kidogo na pilipili manga, na uule kwa kijiko kirefu.